Kidonge cha Siku za Bahari

Mume wangu aliendesha basi la masafa marefu tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha, na kama kuna jambo alilolimudu kuliko kona na milima, ni kubana mkojo. Simsemi vibaya, mwenyewe alikuwa akijisifia. Abiria walimbandika jina la Moja kwa Moja, kwa sababu basi lake likishatoka stendi halikusimama mpaka kituo kilichoandikwa kwenye tiketi, alie mtoto, alie mtu mzima, agonge mtu kioo kwa mkongojo. Siri yake ilikuwa rahisi tu. Siku ya safari hakutia kitu kinywani tangu anapoamka, iwe chai, uji au maji. Alikaa kwenye usukani mkavu kama kuni, akafika jioni midomo imempasuka, akanywa jagi zima la maji kwa mkupuo mmoja, ndipo akaanza kuongea na watu.

Mimi nilikuwa dobi wa hospitali. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, na dirisha lake moja lilikuwa juu karibu na dari, likiangalia barabara, kwa hiyo kutwa nzima nilichokiona cha dunia ni viatu vya wapita njia. Kazi yangu ilikuwa kwenye pasi kubwa ya rola. Shuka linaingia upande huu limejikunja, linatokea upande wa pili limenyooka na moto wake, unalidaka, unalikunja, unadaka jingine. Nilisimama kwenye saruji maisha yangu yote ya kazi na saruji ikanilipa magoti mabovu. Nikishuka ngazi goti la kulia linasaga hivi kwamba hata aliye nyuma yangu analisikia.

Kwa hiyo ilikuwa ndoa ya mtu wa kukaa na mtu wa kusimama, nao hawakukutana sana. Watoto nimelea mimi. Yeye alikuja kama mgeni wa heshima: analala, anakula, anauliza nani kafaulu na nani kafeli, kesho yake alfajiri kiti chake kiko wazi. Sikumlaumu, ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini alipostaafu na kurudi nyumbani moja kwa moja, niligundua kwamba nimeolewa na mtu nisiyemjua vizuri. Alizipanga upya sufuria zangu. Alisimama mlangoni mwa jikoni akanielekeza namna ya kukata kitunguu, mimi niliyekata vitunguu yeye akiwa njiani. Siku hiyo nilimpa vidonge vyake, na si vile vya presha.

Vya presha alikuwa navyo kweli. Kimoja cha usiku, na kingine cha asubuhi, kile cha kupunguza maji mwilini, ambacho ukikimeza asubuhi basi mpaka saa sita unajuana na choo. Alikichukia kidonge kile kuliko alivyowahi kuwachukia askari wa barabarani.

Bahari ilianza kwa sababu ya magoti yangu. Daktari wa mifupa aliniambia nifanye mazoezi ndani ya maji, maji yanabeba uzito. Jirani akaniambia kuna kundi la watu wazima linaloingia baharini kila Jumamosi asubuhi, kwenye ghuba ndogo nyuma ya kiwanda cha barafu. Nilidhani nitakuta watu wanarusharusha miguu. Nikakuta wazee wenzangu wamevaa miwani mikubwa ya maji na mirija ya kupumulia mdomoni, wamelala kifudifudi juu ya maji, wanatazama chini. Nilicheka mbele yao bila haya.

Aliyewaongoza tulimwita Mwalimu, na ndivyo alivyokuwa, alifundisha kuogelea mashuleni mpaka akastaafu. Mama mfupi, mkubwa kwangu kwa umri, mwenye sauti ya kusimamisha gwaride. Hakunipa mrija siku ya kwanza, wala ya pili. Alinifundisha kwanza kusimama ndani ya maji, kuelea chali, kutulia. Aliponivalisha miwani nikainamisha uso, nilimwona samaki wa bluu na njano ananitazama kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila hodi, nikatukana. Nilitukana ndani ya mrija, na sauti ikatoka juu kama tarumbeta. Mwalimu akasema, "Sasa umejua kupumua. Endelea."

Lakini kilichonirudisha Jumamosi iliyofuata si samaki. Ni kwamba goti lilinyamaza. Nilikuwa sijapata saa nzima bila goti kwa miaka mingi, nikawa nimesahau mtu huwaje. Mle ndani sikuwa mzee, wala mama wa mtu, hakuna aliyeniita. Niliipenda hali ile kwa pupa, nasema ukweli, kama mtoto anavyopenda sukari.

Mwalimu alikuwa na masharti, na ukibishana naye unaonyeshwa njia ya nyumbani. Tulibaki mahali ambapo tukisimama vichwa viko nje. Kila mtu alivaa jaketi jembamba la kuelea na filimbi shingoni. Aliyelala vibaya, aliye na kikohozi au aliyetoka safari ndefu jana yake, hukaa ufukweni akatulinda kwa macho. Na hakuna anayeingia peke yake. Tuliingia wawili wawili, na kila mara mmoja huinua uso akaweka ngumi juu ya kichwa, maana yake "niko sawa, wewe je?", na mwenzake hujibu kwa ngumi yake. Ukihitaji msaada unapunga mkono. Na akitoka mmoja, anatoka na mwenzake. Hata kama ameingiwa na mchanga tu jichoni, hata kama umemwona samaki uliyemtafuta mwaka mzima. Mnatoka wote.

"Msingoje kusikia kelele," alituambia. "Mtu wa umri wetu akizidiwa ndani ya maji hapigi kelele. Ananyamaza, anaelea vilevile kama anayetazama samaki, na aliye karibu anadhani mwenzake anastarehe. Ukiona pumzi inakupungua na hujafanya kazi yoyote ya kukuchosha, usisubiri ipite. Toa mrija, geuka chali, ita mwenzako, toka."

Mimi sikuwa na mwenza. Kundi lilikuwa limeshajipanga wawili wawili, na kila Jumamosi nilidandia jozi ya watu wengine kama gurudumu la akiba. Nilimwambia Moja kwa Moja mara moja tu, tena kwa utani, nikijua hajui kuogelea na hataki kujua. Jumamosi iliyofuata nikamkuta mlangoni kashika taulo. Binti yetu wa kwanza alipiga simu akafoka: "Mama, baba ana presha! Mnataka kutuua na sisi?" Nikamwambia baba yake ameomba mwenyewe, na ni kweli ameomba, na daktari wa kliniki alimpima akamruhusu kwa sharti la kumeza dawa zake kila siku bila kuruka.

Alijifunza kwa mbinde, lakini alijifunza. Alielea kwa adabu, mikono imenyooka mbele kana kwamba ameshika usukani. Nilimcheka mpaka miwani ikaingia maji.

Tatizo la pale ghubani lilikuwa choo. Kilikuwa juu, nyuma ya kiwanda, unapanda ngazi za mawe zisizolingana, halafu unamtafuta mlinzi mwenye ufunguo. Siku zake za mwanzo mume wangu alibanwa tukiwa ndani ya maji. Alijikaza, akashindwa, akanipungia. Tukatoka wote kama sheria inavyotaka, nami nikapanda naye ngazi nikiwa nimeshika ukuta, maana sheria ya Mwalimu ilisema mwenza haachwi mpaka mmerudi. Tuliporudi wenzetu walikuwa wanajifuta. Nilikaa kwenye jiwe nikasugua goti. Tangu siku hiyo hakubanwa tena hata mara moja. Nikadhani mwili wake umezoea bahari.

Kabla ya kuingia, Mwalimu alitupanga mstari akatuuliza mmoja mmoja. Umelala? Umekula? Umekunywa maji? Umemeza dawa? Tulimjibu huku tukinong'onezana na kuchekana. Moja kwa Moja alijibu kwa sauti ileile aliyokuwa akiwajibia askari wa barabarani: "Kila kitu kiko sawa, afande." Mwalimu alipenda kuitwa afande. Sote tulicheka.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya kawaida kabisa. Bahari ilikuwa imetulia, maji yamejaa zaidi kidogo kuliko siku nyingine. Aliulizwa, akajibu. Niliona mguuni soksi imemwachia alama ya kina juu ya kifundo, nikamwambia, "Soksi zako zinakubana, nitakununulia nyingine." Akasema sawa. Nilikuwa nimetazama uvimbe kwa macho yangu mawili nikalaumu soksi.

Tuliingia. Tulielea taratibu kufuata mwamba mdogo wanakojificha samaki wenye mistari. Niliinua uso, nikaweka ngumi kichwani. Akajibu. Nikatazama tena chini. Kulikuwa na pweza amejibana kwenye ufa, amejifanya jiwe, nami nilitaka kumwonyesha. Niliinua uso tena, ngumi kichwani. Alikuwa ameshatoa mrija mdomoni. Alikuwa wima ndani ya maji, kidevu juu, mdomo wazi, na akaweka ngumi kichwani. Akaiacha pale. Mtu aliye sawa huweka ngumi akaitoa, akaendelea na mambo yake. Huyu aliiacha kichwani kana kwamba amesahau ni mkono wa nani.

Niliuzamisha uso nikamtazama chini ya maji. Miguu ilikuwa inaning'inia, haipigi. Tumbo lilikuwa linaenda mbio, juu chini, juu chini. Nimelala kando ya tumbo lile tangu nilipokuwa msichana, najua linavyokwenda akiwa na njozi mbaya, akiwa na homa, akiwa anajifanya amelala ili asiulizwe kitu. Halikuwahi kwenda vile. Na pale tulipokuwa, kwa sababu ya maji kujaa, miguu yake haikugusa chini, wala yangu.

Sikumuuliza chochote. Nilimshika jaketi mabegani nikamgeuza chali, nikaivuta miwani yake ikatoka, nikakiegemeza kichwa chake kwenye bega langu, nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena. Alijaribu kusema. "Niko... sawa," akasema, neno moja kwa pumzi moja, na jingine kwa pumzi nyingine.

"Nyamaza," nikamwambia. "Pumua tu. Nyamaza."

Niliogopa. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa shujaa. Mikono ilifanya ilichofundishwa lakini ndani nilikuwa nalia kama mtoto, nikisema usinifanyie hivi, usinifanyie hivi, ndiyo kwanza umerudi nyumbani. Mwalimu alifika, na nyuma yake Karani, mjane mmoja wa kundi letu aliyefanya kazi posta. Wakatuvuta wote wawili mpaka miguu ikagusa mchanga. Mwalimu akasema kwa sauti ya gwaride, "Asilazwe! Mkalisheni wima!" Tukamkalisha kwenye mchanga, mgongo wake kwenye kifua changu. Akakohoa kwenye taulo.

Lilikuwa povu, lenye rangi ya waridi hafifu. Wenzangu walidhani amejiuma ulimi. Mimi niliijua rangi ile. Nimeiona kwenye foronya zilizoshuka kutoka wodi za juu, na tulikuwa hatuulizi mwenye foronya amepona au la, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa kwenye shuka lililokuja nyuma yake. Nilimshika kwa nguvu hata Mwalimu akaniambia nilegeze, namzuia kupumua.

Gari la kiwanda cha barafu ndilo lililotupeleka hospitali, ileile niliyofanyia kazi. Walimweka kitandani ameinuliwa, oksijeni usoni, wakamchoma sindano kwenye mshipa. Ilikuwa ni dawa ya jamii ya kidonge chake cha asubuhi, ila ya nguvu zaidi. Halafu wakamletea chupa. Moja kwa Moja, mtu aliyevuka nchi nzima bila kusimama, alijaza chupa, nesi akaimwaga, akajaza nyingine, nyuma ya pazia ambalo halikufunga vizuri. Taratibu pumzi ikarudi. Midomo ikarudi rangi yake.

Daktari alikuwa dada wa umri wa binti yetu, amechoka, mpole, hana mchezo. Alimsikiliza mgongoni, akaibonyeza miundi ya miguu yake kwa kidole, na kidole kikaacha shimo.

"Mzee, mapafu yako yalikuwa na maji," alisema. "Na si maji ya bahari, hukumeza bahari. Ni maji ya mwili wako mwenyewe. Moyo wenye presha unasukuma kwa shida. Ukiingia baharini, maji ya nje yanakubana miguu na tumbo, damu inakimbilia kifuani. Juu yake unavuta pumzi kwa nguvu kupitia mrija. Mwili ukiwa na maji ya ziada, yanavujia kwenye mapafu. Kijana anaweza asihisi kitu. Wewe unaweza kuondoka kimyakimya bila hata kunywa funda moja la chumvi." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa hiyo nakuuliza. Kidonge cha asubuhi unakimeza?"

"Anameza," nikajibu mimi. "Namwekea kwenye kisahani kando ya kikombe. Kisahani kinarudi kitupu."

"Nimemuuliza yeye, mama."

Mume wangu alitazama dari. Akatoa barakoa ya oksijeni, nesi akataka kuirudisha, akamzuia kwa mkono.

"Siku za bahari simezi," akasema. "Nakitia mfukoni."

"Siku za bahari tu?"

"Na siku moja kabla. Ili niwe na uhakika. Na maji sinywi, mpaka turudi."

"Tangu lini?"

"Tangu zile ngazi."

Hapo nililipuka. Nilisahau wodi, nilisahau kwamba kuna wagonjwa wengine, nilisahau adabu yote niliyoilinda kwenye hospitali ile. Nilimwambia kwamba ni mpumbavu, kwamba hii bahari si basi, kwamba hakuna aliyemlipa kufika bila kusimama. Nilimwambia angekufa mikononi mwangu na ngumi yake kichwani, ananidanganya mpaka dakika ya mwisho. "Aibu gani hiyo?" nikamwuliza. "Wewe mtu mzima, unaona haya kukojoa? Wazee wote wale wanakojoa! Mwalimu mwenyewe anakojoa! Ulikuwa unamficha nani?"

Alinisubiri nimalize. Hilo tu lingenishtua, maana si mtu wa kusubiri.

"Si haya," akasema. Alisema polepole, anavuta pumzi kati ya maneno. "Nikitoka mimi, unatoka na wewe. Ndiyo sheria. Unapanda zile ngazi na goti lako, unashuka, muda umekwisha. Siku ile nilikutazama pale kwenye jiwe. Nyumbani unaamka unaugulia, unalala unaugulia. Nimerudi nyumbani ndiyo nimejua, zamani sikuwepo kusikia. Mle ndani ya maji huugulii. Nikasema, basi mimi nisiwe wa kukutoa."

Daktari aliinuka akaenda kumtazama mgonjwa wa kitanda kingine, ambaye nadhani hakuhitaji kutazamwa. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, nyingi tu, lakini haikujua pa kukaa. Nilichukua ile barakoa nikamrudishia usoni, nikaukaza mkanda nyuma ya masikio, nikamwambia, "Ningetoka. Kila siku ningetoka. Ningepanda hizo ngazi kwa makalio." Akatikisa kichwa ndani ya barakoa kwamba amesikia. Nikaweka paji langu la uso kwenye mkono wake nikalia, na sikujali nani anaona.

Alilazwa siku kadhaa. Alipotoka, daktari alimkataza mrija kabisa, asiuweke tena mdomoni maisha yake yote. Kutembea ndani ya maji ya magotini, akiwa amemeza dawa zake na presha yake imetulia, ruhusa. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, nani amekupima moyo?" Nikasema mimi tatizo langu ni magoti. Akasema hakuuliza magoti. Akanipima, akaniandikia vipimo vingine, akanizuia baharini mpaka majibu yatoke. Nilinung'unika njia nzima, na Moja kwa Moja alifurahi sana kuniona nanung'unikia mtu mwingine.

Majibu yalitoka mazuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua sirudi. Nilimwambia Mwalimu kwa simu, akasema ameelewa. Mume wangu hakuelewa. Alinisumbua wiki nzima. Alizificha kandambili zangu za nyumbani akaniachia zile za bahari tu. Mwishowe akaniambia, "Usipoingia tena majini, nitakuwa nimekutoa kweli. Na nilikaribia kufa ili nisikutoe." Sasa mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nilichukua taulo.

Mwalimu alinipa Karani kuwa mwenza wangu, na masharti yake yalikuwa yameongezeka. Alikuwa amewaomba watu wa kiwanda ufunguo wa choo cha chini, kile cha wapakiaji kilicho usawa wa mchanga, na wakampa. Hakuuliza tena "Umemeza dawa?" kwa jumla. Alikuuliza umemeza ipi, saa ngapi, na kama umekwenda haja, mbele ya watu wote, na ukijibu kwa mzaha anakurudisha nyuma ya mstari. Alibonyeza miundi yetu kwa kidole. Haikuwa picha ya kupendeza, wazee tumepangwa mstari suruali zimekunjwa, lakini hakuna aliyecheka.

Mume wangu aliketi kwenye kiti cha kukunja ufukweni, kofia kichwani, chupa ya maji mapajani.

Niliingia na Karani. Tulikwenda taratibu, tukabaki palepale miguu inapogusa chini. Samaki walikuwepo na goti lilikuwa limenyamaza, lakini sikuona kitu. Kila pumzi mbili tatu niliinua uso. Karani aliweka ngumi kichwani, namjibu, halafu nageuka kutazama ufukweni. Kiti, kofia, chupa. Nainamisha uso. Nainua tena. Kiti, kofia, chupa. Karani wa watu alivumilia.

Niliinua uso tena, na kiti kilikuwa kitupu. Chupa ilikuwa mchangani, imelala. Nilisimama pale kwenye maji ya kifuani, mrija umening'inia, natafuta ile kofia kuanzia mwisho huu wa ufukwe mpaka mwisho ule. Nilishika filimbi.

Ndipo mlango wa choo cha wapakiaji ukafunguka. Akatoka Moja kwa Moja, bila haraka hata kidogo, anafunga mkanda mbele ya halaiki nzima ya watu. Akatembea mpaka kwenye kiti chake, akaiokota chupa, akaifungua, akanywa, akaketi. Kisha akaniona nimesimama namtazama. Akaweka ngumi juu ya kichwa, akaitoa.

Karani aliniuliza kama tutoke. Nilikuwa nalia huku nacheka. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba twende mbele, nikavaa miwani ikiwa imelowa ndani, nikainamisha uso.